Jirani Akiambiwa Aondoke Nchini: Mwongozo kwa Mitaa ya Tanga

Familia inapopokea karatasi ya Uhamiaji, siku tatu za mwanzo ndizo zinazoharibu mambo. Baba anakimbilia kwa ndugu Muheza, naye anahesabiwa ametoroka. Kijana anamtafuta kishoka wa cheti cha kuzaliwa. Mama anaambiwa "kiri tu, yaishe", anakiri mahakamani, na kwa neno hilo moja anafunga milango iliyokuwa bado wazi. Majirani nao, kwa moyo mwema kabisa, wanazungusha karatasi ya saini mia mbili isiyomsaidia mtu.

Mwongozo huu ni wa majirani, wenyeviti wa mitaa, maimamu na wachungaji, walimu, na vikundi vya vikoba na vya kuzikana, kuanzia Ngamiani na Makorora hadi Pongwe, Mkinga, Pangani na Muheza. Mkoa wetu una jambo hili kuliko mikoa mingi. Mashamba ya mkonge yaliletewa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Burundi, Rwanda na Msumbiji tangu enzi za ukoloni, na wajukuu wao wako hapa hadi leo. Wadigo na Wasegeju wana ndugu pande zote mbili za mpaka wa Horohoro. Huko Chogo, wilaya ya Handeni, waliletwa Wazigua waliokimbia vita ya Somalia, kizazi cha watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii hii katika karne ya 19. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na mtu ambaye ni raia bila kujua, mwingine mwenye haki ya kibali ambacho hakuwahi kukiomba, na mwingine ambaye kweli hana njia ila kuondoka.

Hapo ndipo kazi inapoanzia: familia ni moja, lakini kila mtu ana kesi yake. Mkiwatetea wote kwa hoja moja, yule dhaifu atamvuta chini yule mwenye nguvu.

Soma karatasi kabla ya kupiga simu

Karatasi zinazofika nyumbani hazifanani. Wito wa mahojiano unamtaka mtu afike ofisini kueleza uraia au ukaazi wake. Hapo hakuna kilichoamuliwa bado. Notisi ya PI (prohibited immigrant) inasema mtu ametangazwa mhamiaji asiyetakiwa na kumtaka aondoke ndani ya muda uliotajwa. Hati ya mashtaka inampeleka mahakamani. Amri ya kufukuzwa nchini hutoka kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kila moja ina ofisi yake ya kujibiwa na saa yake inayohesabika.

Pigeni picha karatasi mbele na nyuma. Andikeni pembeni, kwenye daftari na si juu ya karatasi yenyewe, tarehe na saa iliyopokelewa, nani aliipokea, jina na cheo cha afisa aliyeileta. Tarehe hiyo itaulizwa tena na tena. Kama afisa alizungumza tu bila kuacha karatasi, andikeni alichosema siku ile ile. Baada ya wiki moja kila mtu atakuwa na maneno yake.

Akiwa ameshakamatwa

Kwanza tafuteni alipo. Anaweza kuwa ofisi ya Uhamiaji ya mkoa au wilaya, kituo cha polisi, au tayari ameshapelekwa mahakamani na kuwekwa rumande, ambayo kwa Tanga mjini ni gereza la Maweni. Waende watu wawili, si kumi: ndugu mmoja na jirani mmoja mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho ya mtaa. Kundi kubwa mlangoni humfanya afisa afunge mlango.

Ulizeni mambo manne kwa utulivu: anashikiliwa kwa kosa gani, tangu saa ngapi, nani mpelelezi wake, na lini atafikishwa mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa bila hati ya kukamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 pale inapowezekana, au apewe dhamana. Mtuhumiwa pia ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Saa zikipita bila jibu, mwambieni wakili. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake na sababu za kumzuia zielezwe, na kanda ya Tanga ina masjala yake hapa hapa, hakuna haja ya kwenda Dar es Salaam.

Pelekeni chakula cha siku moja tu kwa wakati, kanga au shuka, sabuni, dawa ya meno, taulo za kike kwa mama, nepi kama ana mtoto mchanga. Kwa mgonjwa wa sukari, presha au anayetumia dawa za kufubaza virusi, dawa ziende na kadi ya kliniki na maelezo ya daktari. Dawa zilizofungwa kwenye nailoni bila karatasi mara nyingi huzuiwa. Rumande gerezani ina utaratibu mwingine wa chakula, kwa hiyo ulizeni getini kabla ya kupika.

Ujumbe wa kwanza wa kumfikishia ni mfupi: asitie saini maelezo asiyoyaelewa, aombe mkalimani kama Kiswahili chake si kizuri, na asijibu kwa kubahatisha. Akiulizwa babu yake alizaliwa wapi na hajui, jibu ni "sijui". Mtu aliyebahatisha "labda Burundi" amejiandikia asili ambayo itamchukua miaka kuifuta.

Watu watano wanatosha

Kamati ya msaada ikiwa kubwa inageuka baraza. Chagueni mmoja wa kuongea na ofisi, na awe huyo huyo kila mara. Mmoja wa karatasi. Mmoja wa fedha. Mmoja wa watoto. Na mmoja wa kumtembelea aliyezuiliwa. Mwenyekiti wa mtaa au mtendaji ajulishwe siku ya kwanza, kwa sababu barua zake zitahitajika kwenye dhamana, viapo na shule, na kwa sababu Uhamiaji watamuuliza yeye kwanza. Mwenyekiti anayesikia habari kutoka kwa afisa huwa mgumu kuliko aliyeambiwa na majirani zake.

Msaada wote uwe wa wazi. Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54, inamwadhibu pia anayemhifadhi au kumsafirisha mtu huku akijua yuko nchini kinyume cha sheria. Kumlipia wakili, kumpelekea chakula, kumdhamini mahakamani na kulea watoto wake si kosa. Kumficha chumba cha uani, au kumvusha usiku kwa bodaboda, ni kosa, na bodaboda yenyewe inaweza kushikiliwa.

Karatasi moja kwa kila mtu

Mtunza karatasi achukue ukurasa mmoja kwa kila aliyemo nyumbani, hata mtoto wa miezi miwili. Juu aandike jina kama lilivyo kwenye kila hati, tarehe na mahali pa kuzaliwa. Chini yake: baba alizaliwa wapi na lini, mama vivyo hivyo, na kwa wazee pia babu na bibi. Kisha aliingia nchini lini, kupitia wapi, kwa hati gani, na hati hiyo iliisha lini. Mwisho, ana nini mkononi na kipi kimepotea. Ukurasa huo ukijazwa vizuri, njia ya kila mtu huanza kuonekana.

Kwa wazee wa mkonge, tarehe ya kuangalia ni 9 Desemba 1961. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya siku hiyo, na angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia tangu siku ya Uhuru bila kuomba. Aliyezaliwa hapa lakini wazazi wote wawili walizaliwa nje alipaswa kujiandikisha, na dirisha la kujiandikisha lilikuwa la miaka miwili tu. Manamba wengi hawakuambiwa. Ndiyo maana maofisa wanauliza kuhusu babu na si kuhusu wewe, na ndiyo maana kumtafuta mtu anayejua bibi alizaliwa kambi gani ya mkonge kunaweza kuokoa ukoo mzima.

Mtoto wa mzazi mmoja Mtanzania, awe baba au mama, ana hoja nzito ya uraia. Akizaliwa nje ya nchi, mathalani Mombasa, anaurithi, mradi mzazi huyo naye hakuupata kwa kurithi hivyo hivyo. Sheria ya Uraia hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kijana mwenye pasipoti ya nchi nyingine anapofika miaka 18 lazima aukane uraia ule mwingine. Wengi wanakwama hapo wakiwa hawana kosa jingine lolote.

Kwa mtoto ambaye wazazi wote ni wageni, kuzaliwa Hospitali ya Bombo peke yake hakutoshi machoni pa ofisi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinathibitisha mahali na wazazi, hakitangazi uraia. Hoja za kisheria juu ya waliozaliwa hapa baada ya Muungano zipo, lakini mwachieni wakili azijenge. Jirani asiende kuzibishania kaunta.

Mke mgeni wa Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa, au kibali cha kukaa kwa msingi wa ndoa. Sheria haimpi mume mgeni wa Mtanzania mlango huo huo wa uraia. Yeye anategemea kibali, au uraia wa kuandikishwa unaodai mwaka mzima wa kuishi nchini kabla ya kuomba, na jumla ya miaka isiyopungua saba katika kumi iliyoutangulia. Kikwazo cha kwanza kwa ndoa za pwani ni cheti. Nikahi ilifungwa, mashahidi wapo, karamu ililiwa, lakini hakuna karatasi. Fuatilieni usajili wa ndoa mapema kwa imamu aliyefungisha na kwa msajili wa wilaya. Cheti kilichopatikana baada ya kukamatwa bado kina thamani, lakini kitahojiwa.

Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyeingia kihalali Horohoro kwa kawaida hupewa hadi miezi sita ya kutembea bila kulipia viza. Kinachomponza ni kufanya kazi au biashara kwa muhuri wa matembezi, au kusahau kuongeza muda wake. Huyu mara nyingi hahitaji vita ya uraia. Anahitaji kuomba kibali kinachomfaa, au kutoka kwa utaratibu kabla hajapigwa PI, ili aweze kurudi.

Aliyekimbia vita au mateso ni jambo tofauti kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka ajitokeze ndani ya siku saba tangu kuingia, hata kwa mtendaji wa kijiji. Akichelewa, bado aseme kwa kila afisa anayekutana naye kwamba anaomba hifadhi, na aseme kwa nini. Asirudishwe alikokimbia kabla ombi halijasikilizwa. Mjulisheni pia UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Na kwa huyu peke yake, msiwasiliane na ubalozi wa nchi yake. Kwa wengine wote ubalozi ni msaada: Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa mgeni aliyezuiliwa haki ya kutaka ubalozi wake ujulishwe, na ubalozi ndio unaotoa hati ya safari kwa asiye na pasipoti.

Ushahidi unaokubalika na usiokubalika

Saini mia mbili zinasema watu wanampenda. Afisa anatafuta kitu kingine: nani alikuwepo, aliona nini, mwaka gani. Mkunga mstaafu aliyemzalisha mama huyu Pongwe ana thamani kuliko mtaa mzima.

Tafuteni vitu vya zamani. Kadi ya kliniki na tangazo la kizazi. Cheti cha ubatizo, kwa sababu vitabu vya parokia vinatunzwa kwa miongo mingi. Cheti cha darasa la saba na daftari la uandikishaji la shule, ambalo mwalimu mkuu anaweza kutolea nakala na barua. Risiti za kodi ya kichwa, kadi ya TANU, kadi ya chama cha wafanyakazi, karatasi za ajira za shamba la mkonge. Ofisi ya ajira ya wakulima wa mkonge, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944 na ilikuwa ikiwaandika manamba. Mzee mwenye kipande chochote cha zama zile asikitupe hata kama kimeliwa na mchwa. Kitieni kwenye mfuko wa plastiki safi, kipigeni picha, msikibandike gundi wala msiandike juu yake. Picha za zamani zinafaa zikiwa na tarehe nyuma au jengo linalotambulika.

Pale ambapo hakuna karatasi, kiapo ndicho chombo. Kiapo kizuri ni kifupi, na kila aya ina jambo moja. Mtoa kiapo ajitaje jina, umri, anakoishi na namba ya NIDA. Aeleze anamjuaje mhusika na tangu lini. Kisha ataje mambo aliyoyaona kwa macho: "Nilikuwa jirani wa mama yake kambi fulani kuanzia mwaka 1976. Nilihudhuria arobaini ya mtoto huyu mwaka 1979." Alichokisikia kwa wengine akitenge na ataje alikisikia kwa nani. Asiandike "naamini ni Mtanzania halisi". Hayo ni maoni, na wakili wa upande wa pili huyatumia kuonyesha kwamba kiapo kizima kimeandikiwa mezani. Kiapo husainiwa mbele ya Kamishna wa Viapo, yaani wakili au hakimu, mtoa kiapo akiwepo mwenyewe. Asiyejua kusoma asomewe, na iandikwe kwamba amesomewa na kuelewa, kabla ya kuweka dole gumba. Viapo viwili au vitatu vya watu wasio na undugu na mhusika ni bora kuliko kumi vya mashangazi vyenye maneno yanayofanana neno kwa neno. Maneno yanayofanana ndiyo huviangusha.

Majina yanayopishana ni tatizo la karibu kila familia ya pwani: Mohamedi kwenye cheti cha shule, Muhammad kwenye kliniki, na jina la nyumbani kwenye kadi ya chama. Andaeni kiapo cha majina kinachosema yote ni ya mtu mmoja, na kitaje kila hati jina lilipotokea.

Tengenezeni seti nne za nakala: ya wakili, ya ofisi, ya familia, na ya kuwekwa nyumba nyingine mbali. Nakala muhimu zithibitishwe na wakili. Hati halisi hazikabidhiwi bila orodha iliyosainiwa na aliyezipokea. Afisa akikataa kusaini, mpeleka barua aandike jina la afisa huyo, tarehe na saa, na aombe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala ya barua.

Hoja moja ya kumkumbusha wakili. Mwaka 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, iliamua shauri la Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania. Mtu huyu alikuwa na hati za serikali zinazomtambua kuwa raia, pasipoti yake ikachukuliwa mwaka 2012, akapelekwa Kenya mwaka 2014, Kenya nayo ikamkataa, akabaki akiishi katikati ya mpaka wa Sirari. Mahakama ilisema serikali inayomkana mtu iliyemtambua kwa hati zake yenyewe ndiyo yenye mzigo wa kuthibitisha, na kwamba alipaswa kupata nafasi ya kusikilizwa na mahakama. Mlango wa mtu binafsi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama ile ulifungwa Novemba 2020, kwa hiyo msimchangie mtu nauli ya Arusha. Lakini hoja yenyewe inabebeka mbele ya mahakama zetu, pamoja na ibara ya 13(6) ya Katiba inayompa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu.

Cheti cha kughushi ni sumu. Mtu mwenye hoja nzuri ya uraia akikutwa na cheti kimoja cha kishoka, hati zake zote za kweli zinaanza kutiliwa shaka, na anaongezewa kosa jingine. Ada zote za serikali hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotoka kwenye mfumo, na simu au benki inarudisha risiti. Anayetaka fedha taslimu "za kuharakisha" anawaibia.

Mahakamani

Hapa ndipo familia nyingi zinapopotea. Mtu anasomewa shtaka la kuwepo nchini bila kibali. Amelala rumande siku kadhaa, mwenzake amemwambia akikiri atapigwa faini na kuachiwa. Anakiri. Anapigwa faini, ndugu wanachanga, wanalipa, wanamsubiri nje, naye anakabidhiwa kwa Uhamiaji kwa ajili ya kuondoshwa. Kukiri kosa hilo ni kukiri kwamba wewe si raia. Na aliyekiri kosa hana rufaa juu ya kutiwa hatiani, isipokuwa juu ya adhabu tu. Wakili anaweza kubishana kwamba ukiri wenyewe haukuwa kamili, ila hiyo ni njia ndefu na nyembamba.

Kwa hiyo mwenye hoja yoyote ya uraia au hifadhi aseme "si kweli", aombe dhamana, aombe muda wa kupata wakili. Asiye na hoja, aliyepitisha tu muda wa muhuri, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kukiri, lakini uamuzi huo aufanye baada ya kuzungumza na wakili, akijua kitakachofuata.

Kwa dhamana, andaeni wadhamini wawili wenye kazi au makazi yanayojulikana, kila mmoja na NIDA, barua ya mwenyekiti na picha ndogo. Mahakama inaweza kudai pasipoti isalimishwe na mshtakiwa aripoti kila wiki. Mdhamini aelewe kwamba mtu akitoroka atadaiwa yeye. Msimtwishe mama muuza vitumbua bondi ya mamilioni kwa sababu tu ana huruma.

Akihukumiwa baada ya kukana, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Kama anachopinga ni notisi ya PI au amri ya kufukuzwa, njia ni mbili na hutembea pamoja: barua ya maombi kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji au kwa Waziri, na maombi Mahakama Kuu ya kuupitia uamuzi huo. Kibali cha kufungua maombi hayo huombwa ndani ya miezi sita, lakini mtu anaweza kuvushwa mpaka ndani ya siku sita, kwa hiyo wakili aombe zuio la muda wiki hiyo hiyo.

Wakili wa bure yupo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawahusu wasio na uwezo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kuwaelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Chama cha Mawakili Tanganyika, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Dignity Kwanza ya Dar es Salaam inayojishughulisha na wakimbizi na watu wasio na uraia, ni pa kupiga simu mapema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko bila malipo.

Fedha

Changeni kwa daftari, si kwa maneno. Watu watatu waone salio, risiti zote zibandikwe, na mara moja kwa wiki hesabu isomwe mbele ya familia yenyewe. Mgawanyo unaofaa kwa kesi nyingi ni nusu kwa ajili ya wakili, viapo na nakala. Theluthi kwa chakula, kodi ya nyumba na shule. Na kinachobaki kisiguswe hadi safari au ushindi. Mfuko unaoliwa wote kwenye nauli za wiki ya kwanza huacha familia mikono mitupu siku ya hukumu.

Picha za familia zisitupwe kwenye makundi ya WhatsApp kuomba michango. Maneno ya huruma kama "wametoka Burundi bila kitu" hugeuka ushahidi dhidi yao, na watoto wanataniwa shuleni. Taja mtaa na hitaji, jina libaki kwa kamati.

Watoto

Kama wazazi wote wamezuiliwa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ajulishwe siku hiyo hiyo, na jirani au ndugu aliye tayari kulea aandikwe. Barua ya malezi isainiwe na wazazi, mlezi na mwenyekiti, na itaje wazi nani anaruhusu matibabu, nani anahudhuria shule, na nani anashika kadi ya bima. Bila hiyo, siku mtoto anapohitaji upasuaji Bombo mlezi atazuiwa na nesi.

Mtoto raia hafukuzwi nchini. Wazazi wakiamua kuondoka naye, pasipoti yake ya Tanzania iombwe kabla hawajaondoka, kwa sababu idhini na hati za wazazi ni ngumu kupatikana wakiwa mbali. Kwa mwanafunzi, chukueni namba ya PREM, yaani namba yake ya usajili wa shule, ripoti za maendeleo na barua ya uhamisho. Wa darasa la saba au kidato cha nne akiwa karibu na mtihani wa taifa, ombeni kwa barua kwa Afisa Uhamiaji wa Mkoa muda wa kuondoka usogezwe hadi baada ya mtihani, mkiambatanisha barua ya mwalimu mkuu na ratiba. Ombi dogo lenye tarehe mahususi husikilizwa kuliko ombi la huruma lisilo na mwisho.

Ikibidi kuondoka

Kuna kuondoka na kuondoshwa. Mtu anayetoka mwenyewe ndani ya muda aliopewa, pasipoti ikagongwa muhuri Horohoro, anabaki na nafasi ya kuomba kibali na kurudi. Aliyetolewa chini ya PI hawezi kurudi hadi notisi hiyo iondolewe kwa maombi, na akirudi kimya kimya ni kosa jipya. Kwa wasio na uwezo wa nauli ya mbali, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, limekuwa likisaidia wahamiaji kurudi kwao kwa hiari. Ulizeni kupitia ofisi ya Uhamiaji au ubalozi.

Msiuze vitu kwa hofu. Andikeni orodha ya mali yote, kuanzia cherehani hadi ngalawa, na mwenye kuondoka amwandikie mtu anayemwamini hati ya uwakala mbele ya wakili, ikitaja nini auze, kwa bei isiyopungua kiasi gani, na fedha aziweke wapi. Ardhi iangaliwe na wakili kwa makini, kwani asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi nchini ila kwa uwekezaji. Kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la mke Mtanzania ni cha mke. Hisa za vikoba zitolewe kabla ya safari. Salio la kwenye laini ya simu litolewe pia, maana laini inaweza kushindwa kufanya kazi ng'ambo.

Hospitali iombwe dawa za miezi mitatu, barua ya rufaa na nakala ya kadi za chanjo. Upande wa pili apatikane mwenyeji kabla gari halijaondoka Tanga: kwa wanaokwenda Kenya, jamaa wa Lunga Lunga au Kwale awapokee mpakani. Watoke asubuhi, ili kama kuna kasoro ya hati kwa mtoto mmoja irekebishwe mchana ofisi zikiwa wazi.

Seti moja ya nakala ibaki Tanga kwa mtunza karatasi, pamoja na namba ya wakili na namba ya shauri. Maombi ya kuondolewa PI, ya kibali kipya au ya uraia wa mtoto yataanzia kwenye bahasha hiyo.